Mkondo wa maji kwenye tangi la matumbawe: kabla hujanunua pampu nyingine

Tumbawe halina miguu. Samaki asipopenda kona aliyopo atahama, lakini tumbawe litabaki palepale ulipolibandika, na kila linachohitaji lazima kiletwe na maji: oksijeni ya usiku, kalsiamu na kaboneti za kujengea mifupa, vijidudu vya kula. Kila linachotema nacho, kuanzia ute hadi kinyesi, lazima kiondolewe na maji hayohayo. Ndiyo maana tangi lenye taa ya bei mbaya na vipimo vya maji visivyo na kasoro linaweza kukaa miezi matumbawe yamenuna, halafu yakafunguka ndani ya wiki moja kwa sababu tu pampu imesogezwa sentimita 20.

Juu ya ngozi ya tumbawe kuna utando wa maji yasiyotembea, mwembamba sana, aghalabu haufiki hata milimita 2. Kila kinachoingia au kutoka mwilini kinapita hapo polepole. Mkondo ukiwa dhaifu utando huo unanenepa, na njia inazidi kuwa ndefu. Mchana, mwani wadogo wanaoishi ndani ya tumbawe hutengeneza oksijeni nyingi kuliko linavyoweza kuitoa, na oksijeni iliyolimbikizana ndani ya seli ni sumu. Kwa hiyo anayeongeza mwanga bila kuongeza mkondo analiunguza tumbawe lake. Baada ya joto la bahari la mwaka 1998, lile lililopausha matumbawe hadi huku pwani yetu, watafiti Nakamura na van Woesik walionyesha kule Okinawa, Japani, kwamba matumbawe yaliyokuwa kwenye maji yanayokimbia yalistahimili kuliko yale ya kwenye maji yaliyotulia. Kwa anayefuga Dar es Salaam au Mombasa, nyumba isiyo na kiyoyozi, hilo ni jambo la kila Februari.

Namba ya kwenye boksi

Swali linaloulizwa kila mara ni "pampu ya lita ngapi kwa saa?" Tulijibu kwanza tulimalize, maana si swali kubwa kama watu wanavyodhani.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Kwa hesabu ni lita 300. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi iliyo wazi juu, maji yenyewe yanabaki kama lita 240. Kwa matumbawe laini na yale ya polipu kubwa (polipu ni kile kiumbe kidogo chenye mdomo na mikono kinachojenga tumbawe), pampu za mkondo zenye jumla ya mara 15 hadi 25 ya ujazo huo kwa saa zinatosha, yaani lita 3,600 hadi 6,000. Acropora na wenzake wa polipu ndogo wanataka mara 40 kwenda juu, yaani lita 9,600 na zaidi.

Pampu inayorudisha maji kutoka tangi la chini, lile la vifaa lililo chini ya tangi kuu, usiiingize kwenye hesabu hiyo. Kazi yake ni kuzungusha maji yapite kwenye skima (kichujio kinachotoa uchafu kwa povu) na hita, na mara 4 hadi 8 za ujazo kwa saa zinaitosha. Wanaotafuta mkondo kwa kuikuza pampu hii huishia na bomba la kushukia linalokoroma, viputo vidogo vilivyojaa tangini na bili ya umeme isiyo na sababu. Tena lita zilizoandikwa kwenye boksi lake zimepimwa bila maji kupandishwa popote. Yapandishe mita 1.3, pitisha kwenye viwiko vinne, na pampu ya lita 4,000 inaweza kubaki na nusu yake. Kupima ni rahisi: kinga maji yanayorudi kwa ndoo ya lita 10, ndoo ikiwa usawa wa ukingo wa juu wa tangi, uhesabu sekunde. Sekunde 18 ni lita 2,000 kwa saa. Ukikuta imeshuka mno, angalia bomba kabla ya kuilaumu pampu. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na kila kiwiko cha nyuzi 90 kinachoweza kubadilishwa kwa viwili vya nyuzi 45 kibadilishwe.

Aina ya pampu ya mkondo ina uzito kuliko lita zake. Zile za zamani zenye mdomo mwembamba hupiga maji kama mshale: lita 2,000 zinatoka kwenye tundu la sentimita 2, zinachubua tumbawe lililo mbele, na nusu mita pembeni maji yamelala. Pampu ya rafadha, yenye mapanga kama ya feni, husukuma maji mengi kwa upana, taratibu, ndiyo maana pampu ya aina hiyo ya lita 6,000 haidhuru tumbawe pale ambapo mshale wa lita 2,000 unaua. Kama bado una zile za mdomo mwembamba, hilo ndilo badiliko pekee ninaloweza kulipendekeza kabla ya mengine yote.

Tazama maji kwanza

Maji hayaonekani, kwa hiyo yape kitu cha kubeba. Zima skima, acha pampu za mkondo zikiwaka, saga chakula cha samaki kiwe unga, kikoroge kwenye kikombe cha maji ya tangi, umimine kidogo mbele ya kila pampu. Kaa pembeni, si mbele, utazame chembe zinakokwenda. Chagua chembe moja ipite kwenye alama mbili ulizoweka kwenye kioo, umbali wa sentimita 30. Ikitumia sekunde 3, hapo mkondo ni sentimita 10 kwa sekunde. Mimi huridhika na 3 hadi 8 kwa matumbawe laini, 5 hadi 10 kwa Euphyllia (tumbawe la polipu kubwa) na ndugu zake, 10 hadi 25 kwa Acropora. Pima pale tumbawe lilipo. Kasi ya katikati ya tangi haikuambii lolote kuhusu tumbawe lililojificha nyuma ya jiwe.

Halafu chukua sirinji kubwa ya mililita 60, ichomeke kipande cha mpira mwembamba, upulize maji kwenye mawe, sehemu moja baada ya nyingine. Panapotoka wingu la vumbi la kahawia ndipo mkondo haufiki. Chora ramani kwenye karatasi: tangi kutoka juu na kutoka mbele, alama ya X kila penye wingu. Mara nyingi X hizo hurundikana nyuma ya ukuta wa mawe, kwenye kona mbili za chini, na chini ya pampu yenyewe, mahali ambapo hakuna anayepakumbuka. Ukiona pia utando mwekundu wa sianobakteria (bakteria wanaoota kama mwani) juu ya mchanga, uwezekano ni mkubwa kwamba umekalia X. Kuunyonya kila wiki bila kugusa mkondo ni kufyeka nyasi na kuacha mizizi.

Matumbawe yenyewe nayo yanasema. Euphyllia aliyelala upande mmoja saa zote, nyama yake ikisugua ukingo wa mifupa, anapigwa sana. Ukimwona amevimba kama puto wala hatikisiki, mkondo haumfikii. Acropora wenye vumbi kwenye makutano ya matawi wamekosa mkondo, na wanaoonyesha mifupa myeupe upande mmoja tu, ule unaoelekea pampu, wameuzidisha. Sarcophyton, tumbawe laini lenye umbo la uyoga, hujifunga siku kadhaa na kuvua ngozi kama nta. Hiyo ni kawaida yake, ila mkondo ukiwa dhaifu ngozi ile humng'ang'ania na chini yake huanza kuoza.

Pampu chafu si pampu ya lita 6,000

Kabla ya kuhamisha chochote, safisha. Chokaa hujijenga kwenye rafadha na ndani ya shimo la rota (kile kipande chenye sumaku kinachozungusha rafadha), mwani wa zambarau hufunika vyandarua vya kunyonyea, na kwa sababu hutokea polepole jicho halioni. Pampu iliyokaa miezi sita bila kufunguliwa haitoi tena kile unachodhani inatoa.

Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inafanya kazi. Mimi napendelea asidi ya sitriki, ule unga mchachu wa kwenye maduka ya vifaa vya keki, kwa sababu haina harufu na ina nguvu zaidi. Gramu 40 kwa lita ya maji ya vuguvugu. Yasichemke, maana joto kali hudhoofisha sumaku na kupinda plastiki. Loweka pampu nzima dakika 30 huku ikiwaka ndani ya ndoo, kisha izime, ichomoe kwenye umeme, uifungue. Toa rota. Shimo lake ndilo watu wanalolisahau: pitisha brashi ya chupa au mswaki mpaka vidole visikute mkwaruzo. Futa mhimili. Kama ni wa seramiki, ushike kwa upole, kwani huvunjika kama chaki. Kagua bushi za mpira mwishoni mwa mhimili, kwa kuwa zikilegea pampu inatetemeka na kunguruma hata ikiwa safi. Kagua pia ganda la sumaku ya rota. Likiwa limevimba au lina ufa wenye kutu, badilisha rota yote siku hiyohiyo, usingoje, kwa sababu metali inayovuja haiendani na matumbawe. Suuza kwa maji safi mara mbili, rudisha.

Fanya hivyo kila miezi 3. Ukiwa na pampu mbili, safisha moja leo na nyingine baada ya wiki, tangi lisikae bila mkondo na lisipate badiliko la ghafla. Na ukimaliza, punguza nguvu kidogo kabla ya kuwasha: pampu iliyosafishwa huweza kurusha mchanga ambao jana haikuweza hata kuutikisa.

Mawe

Ukuta wa mawe uliorundikwa kutoka kona hadi kona, ukiegemea kioo cha nyuma, hakuna pampu itakayoushinda. Acha sentimita 8 hadi 10 kati ya mawe na kioo cha nyuma, 10 hadi 15 pembeni, uweze kupitisha mkono na sumaku ya kusafishia. Jenga visiwa viwili au vitatu vyenye mapengo katikati badala ya ukuta mmoja. Jiwe la chini likae juu ya nundu zake tatu, si kwa tumbo lake lote, ili maji yapite chini. Matangi mengi yenye "tatizo la pampu" niliyowahi kuulizwa habari zake yana tatizo la mawe, na dawa yake haina gharama zaidi ya jioni moja na gundi ya kubandikia matumbawe.

Mahali pa pampu na saa zake

Kwa tangi letu la sentimita 120, pampu mbili za lita 4,000 hadi 5,000 zinashinda moja ya 10,000. Mpangilio ninaouamini ni huu: zote zikae kwenye theluthi ya juu, moja kila upande mfupi, lakini zisitazamane uso kwa uso. Zikitazamana, mikondo inagongana katikati, inaporomoka, na kuchimba shimo kwenye mchanga. Elekeza ya kushoto sambamba na kioo cha mbele, ya kulia sambamba na cha nyuma, na zote ziinuliwe nyuzi chache kuelekea juu mpaka uso wa maji uchezecheze bila kurusha matone. Maji yatazunguka tangi kama gurudumu lililolala.

Njia ya pili ni kuweka nguvu yote upande mmoja, juu kabisa. Maji yanakimbia chini ya uso, yanapiga kioo cha mbali, yanashuka, yanarudi yakifagia mchanga. Kwa tangi refu lenye mawe machache ni mpango mzuri ajabu, kwa sababu maji yote yanakwenda pamoja na kasi hailiwi na migongano. Ila ukiuacha upande mmoja siku zote, matumbawe yataota yameegemea na vumbi litatafuta kivuli kipya nyuma ya kila jiwe.

Hapo ndipo bahari inatushinda. Mwambani maji hujaa na kupwa, yakigeuka kila baada ya saa 6 na dakika chache, na kwenye bamvua pwani ya Unguja na Mombasa tofauti ya kina hupita mita 3, wakati maji mafu ni kidogo sana. Kidhibiti chochote cha pampu kinaweza kuiga hilo: kushoto iongoze kwa asilimia 70 na kulia ishuke hadi 25 kwa saa 6, kisha zibadilishane. Ndani ya saa hizo weka mtindo wa kupanda na kushuka bila mpangilio. Usiku punguza, usizime. Usiku ndipo matumbawe na samaki wote wanavuta oksijeni na hakuna anayeitengeneza. Asiyekuwa na kidhibiti atumie saa ya soketi ya kawaida kubadilisha pampu, mradi pampu yake ivumilie kuwashwa na kuzimwa. Nyingine hazivumilii, na rota hugonga kila inapoanza.

Kuhusu wimbi la tangi zima kuinuka na kushuka: linapatikana pampu ikisukuma kwa mapigo yanayolingana na mwendo wa maji yenyewe. Kwa urefu wa sentimita 120 na maji ya kina cha 45 hadi 50, mzunguko mmoja ni sekunde 1.3 hadi 1.4, kwa hiyo washa kwa sekunde 0.7, pumzisha sekunde 0.7, uongeze au upunguze kidogo kidogo mpaka wimbi likue. Sentimita 2 zinatosha. Zaidi ya hapo unavitesa viungo vya silikoni na meza iliyobeba zaidi ya kilo 300 zinazokwenda na kurudi. Meza ikianza kuyumba, acha.

Mchanga ukiruka, usikimbilie kupunguza pampu. Inua pampu, igeuze juu nyuzi chache zaidi. Mchanga laini wa chini ya milimita 1 na Acropora hawakai nyumba moja kwa amani; wa milimita 2 hadi 3 hutulia.

Anemoni naye ni habari nyingine, kwa kuwa anatembea, na akifika kwenye pampu anasagwa na kuchafua tangi zima. Mwenye anemoni aifunike pampu kwa chandarua cha sifongo chenye matundu makubwa, akijua kwamba sifongo hilo linakula mkondo na linataka kukamuliwa kila siku 2 au 3.

Umeme ukikatika

Maji ya chumvi ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushuka hadi 6.2 hivi. Tofauti si kubwa, ila viumbe wa maji ya moto wanavuta kwa kasi zaidi, kwa hiyo akiba inakwisha upesi. Tangi lenye samaki wengi linaweza kuanza kuhangaika ndani ya saa chache, samaki wakipanda juu kutwetea. Skima na taa vinaweza kungoja. Mkondo hauwezi.

Pampu nyingi za kisasa zinatumia umeme wa volti 24 na zikipunguzwa hadi nguvu ndogo hula wati 5 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini ya risasi usiifyonze zaidi ya nusu. Toa pia kinachopotea kwenye kifaa cha kupandisha volti 12 hadi 24, unabaki na kama wati-saa 38. Gawa kwa 5: saa 7 na nusu. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, na pampu hiyo iwe ile inayotikisa uso wa maji. Asiyetaka nyaya anunue pampu ya hewa ya betri. Umeme ukiwa haupo, usilishe.

Jambo moja hutokea umeme unaporudi: pampu chafu iliyokuwa ikizunguka vizuri inagoma kuanza, kwa sababu kuanza kunataka nguvu kuliko kuendelea. Gusa kila pampu ukague.

Na umeme unapokatika, maji ya juu hurudi chini kupitia mdomo wa bomba la kurudishia. Tangi letu lina eneo la sentimita za mraba 6,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo uliozama sentimita 5 utamwaga hadi lita 30, na tangi la chini likiwa limejaa, sakafu ndiyo itakayopokea. Watu hutoboa tundu la milimita 6 karibu na uso wa maji ili hewa iingie na kukata mvuto. Sawa, lakini konokono mmoja au chokaa kidogo kinaliziba. Salama zaidi ni mdomo wenyewe usizame zaidi ya sentimita 2, na tangi la chini liwe na nafasi ya lita 20 wazi wakati wote. Jaribu kwa kuchomoa pampu hiyo ukiwa umesimama hapo. Waya za pampu zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la chumvi lidondoke lisiifikie.

Sasa nunua, kama bado kuna haja

Ukishasafisha, ukafungua mawe, ukahamisha pampu na kuzipangia saa, rudia zoezi la unga na sirinji ukiwa na ile ramani ya X. Zilizobaki kwenye sehemu moja ni dalili ya jiwe au ya pembe ya pampu. Zikibaki kila mahali, na chembe haifiki kasi unayoitaka hata pampu zikiwa asilimia 80, hapo pampu kweli hazitoshi. Ongeza ya tatu, ndogo, nyuma ya mawe, badala ya kubadilisha zilizopo kwa kubwa zaidi. Ipandishe asilimia 10 kwa wiki, kwani tumbawe lililojenga umbo lake kwenye maji ya polepole halizoei kasi mpya kwa siku moja. Polipu zikijikunja kwa siku mbili za mwanzo kisha zikatoka, endelea. Zisipotoka hadi siku ya tano, rudisha hatua moja nyuma na ugeuze pampu nyuzi 15 kabla ya kupandisha tena.